Eti "wewe mpangaji kaa chini", kwa maiki, mbele ya mtaa mzima, ndani ya Dodoma hii hii inayokua!!

Mkaa_Chumba_Na_Sebule:

Wakuu habari zenu. Yangu mbaya. Nimetoka mkutanoni sasa hivi, vumbi limejaa mpaka kope, hata maji sijanywa, naandika huku nahema.

Simtaji mtu. Mnamjua. Yule bwana mwenye maiki yake binafsi, anayetembea nayo mfukoni, akiona watu wamezidi wanne anaiwasha. Akikukuta foleni ya maji anafungua kikao. Akikukuta kinyozi anafunga kikao kile cha foleni ya maji. Wa Dodoma wote mshamjua, msinilazimishe.

Tumeitwa saa nne, kikao kimeanza jua likiwa utosini, chini ya turubai lina matundu mengi kuliko turubai lenyewe. Ajenda tukaambiwa mbili, maendeleo ya jiji letu na shughuli za jamii zinazokuja. Sawa. Akaanza maendeleo. Mungu wangu. Akaanzia 1973 ulipotoka uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma, akapita kwenye CDA, ile mamlaka ya kuustawisha makao makuu, mpaka ilivyovunjwa 2017, akaja 2018 tumekuwa jiji, akapanda SGR ya 2024, akashukia Mtumba kwenye mji wa serikali, wizara moja moja, akaizunguka ringi rodi kilomita 112 zote bila kuruka hata kona, akaenda kutua Msalato kwenye uwanja wa ndege. Na ukimsikiliza utadhani reli kaitandika yeye usiku na mkewe akishika tochi. "Tumeleta treni." "Tumejenga Mtumba." Wewe na nani?? Shimo la mbele ya genge pale kwako limekushinda mpaka vyura wamehamia na familia zao!

Basi kamaliza kaja kwenye shughuli. Jumamosi ya mwisho wa mwezi usafi, kila kaya fagio na reki. Mvua zikianza kila kaya mche, eti tusiiangushe kampeni ya miti ya Kijanisha Dodoma. Halafu bonanza, waliooa na wasiooa, mshindi anaondoka na mbuzi. Mchango kila kaya elfu tano. KILA KAYA. Hilo likumbukeni.

Nikanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa. Nikasema shikamooni wazee, naomba kuuliza, miche tutapanda haina shida, tutaimwagilia na nini? Maana huku kwetu maji ni ya mgao, yanakuja usiku wa manane, yanapiga mluzi kwanza bombani nusu saa, halafu yanatoka ndoo moja yanaaga. Na mvua za Dodoma mnazijua, zikianza Desemba ikifika Aprili ndio kwaheri, mche utaishi kwa maombi? Hilo tu. Swali la mtu mzima.

Akaniangalia. Akapuliza maiki, fuu fuu. Akasema:

"WEWE MPANGAJI KAA CHINI, WAACHE WENYE NYUMBA WAZUNGUMZE."

Kwa maiki wakuu! Spika imefungwa juu ya mti imeelekea sokoni! Muuza nyanya kasikia. Bajaji zimezima injini. Kuna bibi hasikii tangu enzi za Mwalimu, leo kasikia, kageuka kunitafuta. Wewe mpangaji kaa chini. Na hao wenye nyumba hakuna hata mmoja aliyekuwa anazungumza! Walikuwa wamelala! Baba mwenye nyumba wangu ndiye aliyeamka, na alivyoamka akapiga makofi. Makofi! Mtu ninayemlipa kodi ya miezi sita sita, ile simu anayorekodia video kainunua na hela yangu.

Sasa niulize kitu kimoja. Sensa ya 2012 hapa tulikuwa watu 410,956, ya 2022 tukawa 765,179. Hao laki tatu na ushee walioongezeka wote wamekuja na nyumba kwenye begi? Jiji linakua kwa nani kama si kwa sisi tuliokuja na godoro juu ya fuso? Halafu tukae chini.

Mimi nina mke, nina watoto, nina kitambi, naambiwa kaa chini kama naongea darasani. Na kilichonimaliza, mtoto wangu alikuwepo. Tumefika nyumbani namwambia zima tivii, ananiangalia, anasema "baba kaa chini." ANA MIAKA MINNE.

Na mchango wamechukua hapo hapo. Daftari lilianzia kwangu. Kwenye kuuliza mimi mpangaji, kwenye elfu tano mimi kaya.

Nimemaliza. Sijamaliza ila simu ina asilimia sita.

---

VumbiLaMakulu: Nimekuja mbio nikasoma nimesimama, nikakumbuka na mimi mpangaji, nimekaa chini 😂😂😂

KikombeChaUji: Mkuu maelezo marefu, swali fupi. Ulikaa au hukukaa?

Mkaa_Chumba_Na_Sebule: Nilikaa kwa sababu kiti kilikuwa nyuma yangu.

KikombeChaUji: Alikaa 😂😂 funga uzi

Mgogo_wa_Kikuyu: Mbukwenyi. Mimi nilikuwepo kwenye hicho kikao na naomba nisahihishe chai mbili tatu. Kwanza huyu bwana hajauliza "hilo tu", kaanza na maji akaenda kwenye taa za barabarani, akaenda kwenye mbwa wanaobweka, akamaliza na muziki wa baa. Pili alikuwa amekalia kiti cha wazee, vile vya plastiki vyenye mikono, wazee wawili wamesimama wanamwangalia. Ila maiki ni kweli, spika ni kweli, na bibi ni kweli kageuka.

Mkaa_Chumba_Na_Sebule: Habari ya kiti ni uongo. Na mbwa sikuwataja wote.

MamaZabibu: Pole mdogo wangu. Ila usijione wa kwanza. Mimi mwenye nyumba, hati ninayo, na huyo huyo alinikatiza msibani kwetu, msiba wa upande wetu, natoa shukrani kwa waliokuja kutufariji, akanipokonya maiki akasema "mama ufupishe, kuna tangazo la usafi." Marehemu hata hajashushwa.

VumbiLaMakulu: Msibaniii 😭😭 huyu mtu akamatwe na maiki yake

Wakili_wa_Kijiweni: Tuwekane sawa kisheria. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mkazi. Hakuna mahali pameandikwa uje na hati ya kiwanja. Kwa hiyo mkuu ulikuwa na haki zote za kusimama.

KikombeChaUji: Haki alikuwa nayo, magoti ndio hakuwa nayo

NyumbaTatuIpagala: Samahani, mimi niongee kama mwenye nyumba maana humu mmejaa wapangaji mnafarijiana. Bwana yule kakosea namna ya kusema ila kuna ukweli. Nyie mtu anahama anaondoka na balbu. Anaondoka na koki. Kuna mmoja kwangu pale kaondoka na MLANGO WA CHOO, kaacha bawaba. Halafu mkutanoni ndiye wa kwanza kuulizia maendeleo ya jiji.

Bajaji_ya_Jamatini: Balbu kanunua yeye mlitaka awaachie iwe sadaka?

NyumbaTatuIpagala: Na mlango kanunua yeye?

MpangajiMstaafu: Kaka Nyumba Tatu usituanze. Tangu wizara zihamie huku mmepandisha kodi mpaka mabanda ya kuku. Nimekwenda kuangalia chumba Kisasa, dalali kaniambia ni masta, naingia nakuta choo kiko ndani kweli, kimezibwa na kabati, unakifikia kupitia dirishani. Na kuonyeshwa tu nimelipa. Tena anasema "wahi, kuna mtu wa wizarani anakitaka." Kila chumba Dodoma hii kinatakiwa na mtu wa wizarani.

Mtu_wa_Wizarani: Sisi hatukitaki.

VumbiLaMakulu: 😂😂😂😂 jina na jibu

SangaraMbichi: Nyie Dodoma mnatuchekesha sana huku Mwanza. Jiji mnagombania ndoo ya maji na mtu mwenye maiki. Njooni muone ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi kilomita 3 limefunguliwa 2025, tunavuka tunapunga mkono. Nyie mna zabibu na upepo.

Mgogo_wa_Kikuyu: Ziwa mnalo nje ya dirisha halafu mnaoga kwa kopo, tunawajua.

SangaraMbichi: Angalau kopo lina maji

LelejiMtupu: Arusha tunajengewa uwanja wa AFCON 2027, nyie bonanza la mbuzi. Sina la kuongeza.

FoleniYaMbagala: Wote mnaringa hamjapanda mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi. Juzi nimepandishwa na watu, sikupanda mwenyewe, na nimeshushwa na watu kituo nisichokijua. Ndio maana nimehamia huku Dodoma kwa utulivu, nakuta vumbi linanisubiri stesheni na bango la kunikaribisha.

Bajaji_ya_Jamatini: Mkigusa habari ya stesheni na mimi niseme. Watumishi wanawaambia jiji linakua jiji linakua. Ijumaa jioni wote wako kwenye SGR wanarudi Dar kwa watoto, elfu 31 yake mkononi, mimi na bajaji yangu nabaki kupakia upepo mpaka Jumapili usiku. Jiji linakua Jumatatu mpaka Ijumaa mchana.

Mtu_wa_Wizarani: Ijumaa mchana tunakuwa kwenye kikao.

Bajaji_ya_Jamatini: Kikao cha behewa namba ngapi?

MamaZabibu: 😂😂 jamani. Na nyie bajaji tukiwasema mtalia. Kutoka Nyerere Square mpaka Area C mtu ananitajia hela nikadhani ananiuzia bajaji yenyewe.

Bajaji_ya_Jamatini: Mama ulikuwa na magunia mawili ya karanga na jogoo.

MamaZabibu: Jogoo nilimpakata.

Wakili_wa_Kijiweni: Ngoja niulize jambo ambalo hamjaliona wote. Bonanza la waliooa na wasiooa. Mtu ameoa kimila, mahari katoa nusu, anachezea timu ipi?

KikombeChaUji: Anacheza kipindi cha kwanza tu

Mgogo_wa_Kikuyu: Swali zito hili. Na mwaka jana lilileta ugomvi, kuna kijana alisajiliwa wasiooa, mshambuliaji mzuri tu, mke wake akaja uwanjani na mtoto mgongoni kushangilia. Kitu kilichofuata hapo, mpira haukuisha. Mbuzi alibaki kwa mwenye maiki "kwa matunzo" na hatujamuona tena.

MpangajiMstaafu: Ehee sasa tunafika penyewe. Mbuzi yuko wapi?

NyumbaTatuIpagala: Hapa naungana na wapangaji. Mbuzi tulichanga wote. Mbuzi yuko wapi?

VumbiLaMakulu: Wewe Nyumba Tatu ulichanga? Kwa majengo yote matatu au kaya moja?

NyumbaTatuIpagala: Hayo ni mambo ya ndani.

Mkaa_Chumba_Na_Sebule: Jamani nimechaji simu nimerudi, nakuta mbuzi, jogoo, mahari. Mada ni kudhalilishwa kwangu. Mtu kanishikia maiki kaniambia kaa chini mbele ya mwanangu!! Kwa spika ya sokoni!! Leo nimepita kununua mkaa dada ananiuliza "kaka yangu, siku hizi unaruhusiwa kusimama?" Nani ananishauri nimpeleke wapi huyu mtu?

KikombeChaUji: Wewe mpangaji kaa chini tunaongelea mbuzi

FoleniYaMbagala: 😂😂😂😂😂 mwacheni baba wa watu

MamaZabibu: Mimi naona uende na maiki yako mkutano ujao. Zinauzwa Majengo pale, ya kuchaji kabisa. Akiwasha unawasha.

Wakili_wa_Kijiweni: Ushauri wa kisheria huo siuungi mkono ila nitakuja kuangalia.

SangaraMbichi: Kwani kule Dodoma mnakula nini hicho cha kijani kinavutika? Nililetewa nikajua wameniwekea gundi.

Mgogo_wa_Kikuyu: Mlenda. Na ugali wa uwele. Usiutukane, nyie mnakula samaki anawaangalia.

LelejiMtupu: Mlenda unatelezea mpaka kwenye kiwiko, yaani unakula na kuoga kwa mkupuo

MamaZabibu: Mlenda wa karanga uje kwangu nikupikie, utarudi Arusha kumwaga makande yote.

LelejiMtupu: Makande usiyaguse mama.

Dalali_Mwaminifu: Habari za uzi. Kwa wapangaji waliochoka kuambiwa wakae chini, kiwanja kinauzwa Michese, tambarare, kimepimwa, bei inazungumzika. Maongezi baina ya waungwana.

MpangajiMstaafu: Wewe sio uliyenionyesha choo cha dirishani?

Dalali_Mwaminifu: Hapana huyo alikuwa mdogo wangu.

Mtu_wa_Wizarani: Hati ipo?

Dalali_Mwaminifu: Inashughulikiwa.

Mtu_wa_Wizarani: Umeme?

Dalali_Mwaminifu: Nguzo iko jirani.

Bajaji_ya_Jamatini: Jirani wapi, nikupigie hesabu ya nauli?

Dalali_Mwaminifu: Njoo inboksi. Wahi mkuu, kuna mtu wa wizarani anakitaka.