Mrejesho: zile rupia za fedha za babu

Wadau asanteni sana. Niliuliza vile naweza toa uchafu kwa rupia za babu, za King George V, zile zilitumika huku kabla shilingi ije 1921. Nilifuata ushauri wenu wa asetoni, ile safi ya duka la kemikali tao, si ya kutoa rangi ya kucha, nikaweka kwa chupa ya glasi, nikafunika, dirisha wazi na mbali na jiko juu inashika moto haraka sana, zikalala humo usiku kucha na asubuhi ule utelezi wa kijani ulioachwa na mifuko ya plastiki zilimokuwa zimewekwa ulikuwa umeisha kabisa, hata ndevu za mfalme zinaonekana. Nikasuuza na maji ya betri yasiyo na asidi, nikakausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba, bila kusugua.

Weusi haujatoka na nimeuacha, hiyo ni madini ya fedha yenyewe yameshikana na salfa, ukilazimisha unakwangua sarafu. Moja bado ina doa gumu la kijani karibu na sikio, mafuta ya zeituni hayakusaidia. Na aliyesema tusizisugue na kolgeti, ubarikiwe sana, brathe alikuwa ashafungua tyubu.