Kuvuka jangwa la Chalbi usiku kwa mara ya kwanza: inakuwaje hasa?

Dereva_Kasarani
Habari zenu wadau. Mimi na shemeji yangu tunapanga kwenda North Horr, kaskazini mwa Kenya, mwezi wa Februari kwa Prado ya dizeli. Lami ya Isiolo hadi Marsabit hainipi wasiwasi. Shida ni kwamba shemeji anataka tutoke Marsabit jioni tuvuke jangwa usiku, ati kuna baridi na injini haitachemka. Mimi sijawahi kuendesha gizani pasipo na barabara. Aliyewahi anieleze, na tafadhali tusiambiane "utazoea tu".

MamaGereji_Ngara
Ndugu yangu, mimi nilianzia pale pale, kati ya vijiji vya Maikona na Kalacha, tena usiku. Tulikuwa magari mawili, tumebeba vipuri vya pampu ya kisima, na huko watu walikuwa wakisubiri maji, kwa hiyo kulala njiani hakukuwezekana. Mzee mmoja wa Kigabra ndiye aliyetuongoza.

Shemeji ana haki kuhusu joto. Mchana huko ni zaidi ya nyuzi 35, na upepo wa kusini mashariki unakusukuma kwa nyuma ukielekea Kalacha, kwa hiyo rejeta haipati hewa ya kutosha. Lakini injini ikichemka, geji inakuonya mapema. Usiku jangwa halikuonyi.

Mawe meusi ya Dida Galgalu tuliyapita kukiwa bado na mwanga. Hayo ni ya kwenda polepole tu. Chalbi ni jambo lingine. Ilikuwa ziwa zamani za kale, na sakafu yake ni udongo na chumvi, tambarare kabisa. Kilichonishtua ni mwendo. Sisi wa Nairobi tunapima mwendo kwa macho bila kujua: nguzo za stima, ukingo wa barabara, matatu inayokupita. Pale hakuna kitu kinachopita dirishani. Geji ya mwendo ilisema kilomita 70 kwa saa, mwili wangu ukaniapia ni 30. Sasa piga hesabu: ukiwa kwenye 80 unamaliza zaidi ya mita 22 kila sekunde, na taa za chini zinamulika makumi machache tu ya mita. Ukiliona korongo, umeshaingia. Mzee alituweka kwenye 30 na hakubembelezwa.

La pili ni rangi. Mchana unaona chumvi kavu nyeupe huku na udongo wenye maji, mweusi kidogo, kule, unachagua njia. Chini ya taa za gari vyote vinakuwa kijivu kimoja. Juu kuna ukoko wa chumvi unaoonekana mgumu, chini yake ni tope linalomeza gari mpaka ekseli. Kila alipotilia shaka, mzee alishuka na tochi, akatembea mbele yetu, akikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, tunageuka. Nilimheshimu mno kwa subira ile, na mpaka leo sipiti mahali nisipopajua kabla mtu hajatangulia kwa miguu.

Halafu vumbi. Kwa vile upepo unatoka nyuma, vumbi la gari la mbele halipeperuki kando, linasafiri nawe. Zima taa za juu ya paa, maana zinamulika vumbi na mwanga wote unakurudia machoni. Taa za chini kwenye bumpa ndizo zinazosaidia, kwa sababu kila tuta linatupa kivuli kirefu. Gari la nyuma likae mbali kabisa, au lisogee upande.

Katikati mzee alituamuru tusimame, tuzime kila kitu, hata skrini ya simu. Macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza. Kisha nikaanza kuona: vilima vya Huri upande wa kaskazini, vyeusi kuliko anga, na nyota za Kilimia juu angani. Injini zikiwa kimya tukasikia kengele za mbao za ngamia, kumbe kulikuwa na manyatta karibu na tungewapita wanyama kwa kasi bila kujua. Ngamia ni mrefu, mwili wake unakaa juu ya mwanga wa taa. Unachokiona kwanza ni miguu, na kwa wakati huo umeshachelewa.

WinchiNaKamba
Dada ameeleza vizuri. Niongeze ya tairi. Kwenye mawe ya Dida Galgalu usipunguze upepo sana. Ukifika kwenye mchanga, shusha hadi psi 18 au 20, usiende chini ya 15, tairi itatoka kwenye rimu ukikata kona. Kumbuka pia tairi ikipoa usiku, presha inashuka yenyewe, kwa hiyo pima tena kabla hujashusha. Beba kompresa ya kurudishia, koleo, kamba ya kuvutia na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama na gari linabaki pale pale.

Dereva_Kasarani
Asanteni sana. Na kama mvua za vuli zilichelewa kuisha?

MamaGereji_Ngara
Basi usiingie katikati, iwe usiku au mchana. Uliza Maikona: wenye malori wanaopeleka mifugo na vyakula wanajua ni wapi pamekauka wiki hiyo. Wakikwambia zunguka ukingoni, zunguka. Na Marsabit piga ripoti kwa polisi, waeleze mnakokwenda na lini mnatarajia kufika.

Ningekuwa wewe ningelala Marsabit, nikaondoka saa kumi na moja alfajiri. Lami inakupeleka gizani, unashika njia ya Maikona kumekucha, na baridi anayoitaka shemeji bado ipo. Hamu ya usiku mtaikata mkiwa Kalacha: chagueni kipande mlichokipita mchana, nyayo zenu wenyewe zikiwa bado zinaonekana, mrudie kwa gia ndogo baada ya saa mbili usiku. Mmoja ashike usukani, mwingine atangulie na tochi, kisha mbadilishane.