Wazazi wanashuka Mtwara, nina 150,000: niwapeleke wapi wale na kutembea?

Binti Chuno
Habari zenu wana Kusini. Naombeni ushauri wenu. Wazazi wetu wanashuka kutoka Newala mwezi ujao, korosho zikishauzwa, watakaa kwangu wiki nzima. Sisi watoto tumechanga 150,000 ya kuwafanyia jambo. Kila mwaka mama tunampa vitenge, vimejaa sandukuni, vingine hata havijakatwa. Baba tukimpa shati analiweka la harusi na misiba. Safari hii nataka watoke, wale vizuri, na kuwe na kitu cha kufanya, isiwe kula na kurudi kulala. Ningependa pia hela iishie kwa watu wa hapahapa. Tutakuwa sita, wawili watoto. Baba magoti yanamsumbua, na miaka yote bahari anaionea dirishani kwenye basi.

Mama wa Mikindani
Mwanangu, walete Mikindani. Bajaji kutoka mjini mnapatana kwenda na kurudi, si mbali.

Ila kabla hujachagua siku, tazama mwezi. Ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, maji ni ya bamvua: mnamo saa kumi jioni yamejaa mpaka ukutani na ghuba yote inang'aa. Ukiwaleta siku za maji mafu, saa hiyohiyo mtakuta yamekupwa, mtatazama tope na mikoko. Na bamvua ina faida nyingine. Asubuhi yake maji yanatoka sana, wanawake wanaingia mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza. Pweza mtakayekula jioni anakuwa wa asubuhi ileile.

Chakula msije kukitafuta mkishafika. Siku mbili kabla, nenda kwa mama ntilie, mwambie mko sita, mnataka wali wa nazi, pweza, samaki wa kuchoma na mbaazi. Tanguliza nusu ya hela apate kununua mapema. Mwambie wazi kwamba kuna mzee, kwa sababu pweza hataki haraka. Mimi namchemsha kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, bila chumvi, mpaka uma uingie bila kubishana nao. Hapo ndipo natia tui jepesi na bizari, mwisho tui zito, naepua, nakamua ndimu. Akipikwa kwa pupa, baba yako atatafuna kipande kimoja mpaka magharibi.

Wakati chakula kinaiva, tembeeni mitaa ya zamani, polepole. Kuna nyumba za mawe, milango ya nakshi, na nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Boma la Wajerumani la 1895 liko kilimani, siku hizi ni hoteli. Baba asipande kwa miguu, bajaji iwapeleke. Kunyweni soda pale mkitazama ghuba, chakula mje mle chini, bei itakuwa rafiki zaidi.

Ming'oko, vile viazi vya porini, msihangaike kuwanunulia. Watu wa Newala hao, wameichimba wenyewe.

Kijana wa Ligula
Kwa heshima zote, mzee wa shamba mpeni taslimu. 150,000 inamsogeza kwenye salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na kwenye palizi. Pweza ataisha siku hiyohiyo.

Mama wa Mikindani
Mwanangu wa Ligula, umesema la maana, na hela ya salfa wampe miezi ya kupuliza ikifika. Lakini mzee aliyelea watoto kwa mikorosho, kila shilingi anayoishika inarudi shambani. Mkewe naye kila siku anapika, anapakua, anakula wa mwisho. Hao wanahitaji siku ambayo wamekaa, wananawishwa mikono, wanaulizwa kama wameshiba. Hiyo ukiwapa taslimu hawataijinunulia kamwe.

Mwana Lindi
Namuunga mkono mama. Bibi yetu tulimvusha Kitunda kwa kivuko, alicheka njia nzima kama mtoto. Ninyi mnacho cha Msangamkuu, nauli ni ndogo, na wale watoto wawili watapata pa kucheza mchangani. Upande wa mama: mtafutie mtu anayesuka mikeka, umlipe kidogo amwonyeshe kushona ukili, ile mikanda ya majani iliyosukwa inayounganishwa kuwa mkeka. Bibi alikaa barazani na msukaji mmoja saa nzima, tukamsubiri. Alirudi na kipande alichoshona mwenyewe, na mpaka leo wageni wanaonyeshwa.

Binti Chuno
Asanteni sana, mmenifungua. Nimetazama kalenda, mwezi unapevuka Jumamosi ile watakapokuwa hapa, kwa hiyo Mikindani ni Jumamosi. Msangamkuu tutavuka Jumatatu asubuhi, maana hela inatosha nikishatoa ya chakula na bajaji. Salfa nimeongea na wenzangu, tutachanga upya mwezi wa tano. Ijumaa usiku nitampa mama bahasha, ndani nimeandika tu "kesho hupiki". Mama wa Mikindani, shikamoo, nakufuata pembeni tuelewane bei ya pweza na nikutumie nusu. Pilipili naomba ikae kwenye kibakuli chake, watoto hawaiwezi.