Miaka 20 bila Dairekta

*Jumanne, 24 Juni 2025*

Katibu 06:41
Habari za asubuhi wakubwa. Nakumbusha tena, Jumamosi hii tarehe 28 ni miaka 20 kamili tangu Dkt Griffin, Dairekta wetu wa Starehe Boys' Centre, atuache, 2005 mpaka leo. Tulikubaliana tunaenda pale shuleni asubuhi, tunaweka shada, tunakaa kidogo. Mchango elfu mbili kila mtu, namba ni ile ile ya Hazina, mweka pesa wetu. Mpaka saa hii wametuma watu wanne. WANNE. Na tuko 63 humu

Katibu 06:43
Na kila mtu aandike kumbukumbu yake ya Dairekta, mistari mitatu minne tu, nitachapisha kijitabu tuwapatie vijana walioko pale sasa. Msiseme hamna kumbukumbu, mkikutana kwa baa huwa hamnyamazi

Sufuria 07:20
Natulenge juu. Isipokuwa kwa mchango 😂

Daktari 07:22
😂😂😂

Katibu 07:22
Sufuria umetuma?

Sufuria 07:25
Nimelenga

Katibu 07:26
Hii ndiyo shida ya hiki kikundi. Motto ya shule mnageuza kichekesho

Fundi 09:48
Namba ya Hazina ile ile ya jaketi?

Katibu 09:50
Fundi tafadhali. Si leo

Fundi 09:51
Nimeuliza tu kama ni ile ile

Sufuria 09:52
Wueeeh 🍿

Katibu 12:15
Wametuma sita sasa. Asanteni Daktari na Mwalimu wa Kakamega. Kumbukumbu bado sijaona hata moja. Haya naanza mimi. Mimi nakumbuka baraza. Shule nzima ukumbini, Dairekta mbele, na mvulana yeyote anainua mkono anauliza chochote, hata wa fomu wani aliyeingia juzi. Chakula, sare, kwa nini fulani amepewa hiki mimi sijapewa. Na hapo hapo unajibiwa mbele ya wote, na hakuna mtu anakushika nje akuulize ulikuwa unamaanisha nini. Mimi nimefanya kazi kwa serikali miaka 27 sijaona mkubwa wa kusimama hivyo

Sufuria 12:19
Na wewe uliuliza nini Katibu? Sema ukweli. Si ni maharagwe?

Katibu 12:20
Ilikuwa ni swali la msingi

Daktari 12:21
Maharagwe yalikuwa na wadudu kusema kweli. Dudu moja nililipatia jina

Sufuria 12:21
😂😂😂😂 protini ya bure

Mwalimu Kakamega 12:40
Lakini iliongezwa nyama kidogo baadaye ama nimesahau

Sufuria 12:41
Hiyo nyama ni ile dudu ya Daktari ilikua

Katibu 12:58
Wazee TURUDI KWA MADA. Kesho ni tarehe 25 mnajua mji utakuwa vipi, maandamano, matatu haziingii tauni. Mwenye maua anataka deposti leo jioni kabla hajafunga. Nani amebaki?

*(Hakuna aliyejibu.)*

Katibu 17:30
Naona mmesoma. Tiki za buluu naziona

*Jumatano, 25 Juni 2025*

Dallas 05:12
Samahanini nyinyi mnaamka sisi ndio tunaenda kulala. Nimesoma yote nikiwa kazini na nimetuma elfu tano, Hazina angalia. Kumbukumbu yangu si ndefu, ama pengine ni ndefu tutaona. Mimi nilifika pale na barua ya chifu na mama yangu akiwa na viatu vya kuazima, hatukuwa na kitu kabisa, baba alikuwa ameshaondoka na mama anauza mboga, na nilijua tutaulizwa fii ni ngapi mnaweza na mama alikuwa ameshafanya hesabu ya kuku wangapi. Tukaambiwa huyu atasoma bure. Bure kabisa. Mama hakuelewa, akauliza mara ya pili, akauliza tena njiani tukirudi, akaniuliza mimi kama kwamba ndiye mwenye shule. Miaka yote sijalipa shilingi, na shati jekundu na kaptula ya buluu nikapewa kama mtoto wa waziri aliyekuwa amelala kitanda cha pili. Aliyekuwa analipa alijijua mwenyewe, sisi kwa sisi hatukujuana. Nikikumbuka hiyo siku mpaka leo siwezi kumwambia mtoto wangu bila sauti kukatika. Basi

Daktari 06:30
🙏🏿

Fundi 06:55
Ndugu yangu. 🙏🏿 Na mimi ile likizo tulipelekwa kufanya kazi bila malipo, mimi nilipangwa hospitali ya wilaya kwetu kubeba sahani za wagonjwa, nilikasirika sana wenzangu wanacheza mpira. Leo niko na karakana ya watu kumi na mmoja na nikichukua kijana kazini cha kwanza kumpima ni kama anaweza kufagia bila kuambiwa

Sufuria 07:02
Fundi anatuambia anatumia watoto wa watu bure

Fundi 07:03
Nawalipa. Tofauti na watu wengine wanaoshika pesa za watu

Hazina 07:40
Fundi kama una neno na mimi sema

Fundi 07:41
Nimesema tangu 2009. Shule ilipotimiza miaka 50 tulitoa elfu tatu tatu za jaketi. Watu 40. Jaketi niliona 11

Hazina 07:44
Na nilieleza fundi wa kushona alihama

Fundi 07:44
Na daftari nalo lilihama?

Hazina 07:46
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Sufuria 07:47
Nimewahi kusoma kabla haujafutwa. Jamani

Katibu 07:50
HAPA NI KUKUMBUKA MAREHEMU. Hayo mambo muende inbox. Hazina maua amelipwa?

*(Hazina amesoma saa 07:51.)*

Mzee Mabati 16:05
Vijana. Macho yangu si mazuri, mjukuu ndiye hunisomea. Hata ya jaketi nimesomewa na yeye, mtoto wa gredi ya sita. Nimeona haya.
Mimi nililala kwenye yale mabati. Vibanda viwili tulivyopewa na Shell na BP, Novemba 1959, mvua ikipiga husikii mwenzako akiita jina lako. Tulikuwa watoto wa barabarani, wengine baba zao walikuwa wamepotelea kizuizini wakati wa Mau Mau.
Na hawa waliotuchukua hawakuwa mmoja. Walikuwa watatu. Griffin, Geturo, Gikubu. Nyinyi mnasema Dairekta Dairekta, mwenyewe alikuwa akiwataja wote. Griffin alitoka jeshi la mkoloni. Gikubu alikuwa ndani ya seng'enge ya mkoloni. Mmoja upande wa bunduki, mwingine upande wa pingu, wakakaa meza moja kupanga sisi tutakula nini jioni. Nyinyi mmeshindwa na jaketi.
Shada liandikwe majina matatu. Likiandikwa moja mimi siji.
Hazina, baraza ni baraza. Simama uulizwe.

*(Hakuna aliyeandika kwa saa mbili na zaidi.)*

Daktari 18:31
Tumesikia Mzee

Mwalimu Kakamega 18:32
Tumesikia

Dallas 18:40
Ndio nimeamka kidogo. Mzee 🙏🏿🙏🏿

Sufuria 18:52
Katibu ile kadi ya shada si ulisema umeshachapisha

Katibu 19:10
Ndio

Sufuria 19:10
Ina majina mangapi

Katibu 19:26
Naongea na mtu wa printa

*Ijumaa, 27 Juni 2025*

Hazina 11:17
Mzee heshima yako. Daftari la 2009 nimelitafuta jana usiku nimepata nusu, ukurasa wa mwisho umelowa. Nitakuja nalo Jumamosi muulize mnachotaka, mbele ya Mzee. Maua nimelipa deposti, bado elfu nne mia tano. Mpaka sasa wametoa watu 17

Fundi 11:20
Sawa. Mimi nitakuja na mimi nitauliza

Mzee Mabati 11:58
👍🏿

Katibu 13:02
Basi tunakutana getini saa tatu asubuhi. Kadi mpya yenye majina matatu itakuwa tayari kesho saa mbili, yule jamaa ameapa. Walinzi wanataka orodha ya majina, nitumieni yenu LEO. Na kumbukumbu nina tatu tu jamani kijitabu cha kurasa tatu ni karatasi

Daktari 15:45
Mimi niko zamu mpaka saa nne. Nitajaribu

Mwalimu Kakamega 16:20
Basi la usiku likifika mapema niko. Mkianza mnisubiri kidogo

Dallas 19:33
Mtu anipigie video tafadhali, hata kama nitakuwa na usingizi

Sufuria 19:41
Nimetuma ile elfu mbili. Nimesema ili muone kwamba nimetuma

Fundi 19:44
Hazina, jaketi yangu ilikuwa saizi ya kati. Siku hizi navaa ekstra laji mbili, uandike

Sufuria 19:46
😂😂😂 Katibu saa tatu ni saa tatu ya Katibu ama saa tatu ya Mzee?