Tupeane uzoefu: kabati halifungi, na siku ya shughuli huna cha kuvaa

Mwenye mada, Jang'ombe
Asalaam alaykum wenzangu. Ramadhani haiko mbali, na baada ya Idi mnajua kinachofuata: harusi juu ya harusi, kila moja na sare yake. Juzi nimelipekua kabati langu, nusu nzima ni sare. Ya kupaka hina, ya kesha, ya siku yenyewe. Kuna krepu ya kijani aliyoipenda bibi harusi, mie hainikai hata kidogo, na picha zake zishazunguka magrupu yote ya ukoo, nani ataivaa tena? Mnapunguzaje, na mnajizuiaje kununua? Semeni mliyoyafanya wenyewe, mawaidha tunayasikia redioni.

Wete
Huku kwetu masika hayakungoji uamue. Kabati likisongamana hewa haipiti, na kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5 baibui jeusi linatoka na madoa meupe ya kuvu. Mikanda na viatu ndiyo usiseme. Kwa hiyo mvua zikikatika na kusi likishika, natoa kila kitu naanika uani, nyeusi naziweka kivulini zisipauke. Hapo ndipo nachagua, na nachagua kwa pua. Nguo ninayoivaa haikosi harufu ya udi, maana sitoki bila kuifukiza. Ikinuka vile vidonge vyeupe vya kabatini tu, basi haijaona mlango tangu kusi la mwaka jana, na hiyo inakwenda kwa mtu. Mtu mwenyewe namwita, anajaribu mbele yangu, anachukua anachokipenda. Sipendi kufunga mfuko mzima nikamtupia mwenzangu mlangoni. Kwani yeye hana kabati la kujaza?

Fuoni
Maradhi yangu mie ni simu. Wauza abaya wanaweka picha zao usiku, umejilalia huna hili wala lile, ukija kushtuka ushaulizia bei. Sasa picha naihifadhi tu, sitoi neno mpaka mshahara unaofuata. Nyingi nikizirudia naziona za kawaida, na mbili tatu katika hizo nagundua ninayo inayofanana nayo. Ile ambayo bado inaniumiza roho, hiyo nanunua bila kujilaumu.

Kikwajuni, fundi cherehani
Dada mwenye mada, krepu yako ilete. Dera pana linatoa gauni la mtoto na ushungi wake, na likiwa na nafasi kwenye mshono unaliachia wewe mwenyewe likakukaa. Ndiyo maana nawaambia wateja: mkishonesha, mwambieni fundi aache akiba ya mshono ndani, asikate yote. Mwili haukai pale pale.

Jengine ni kitambaa. Mtu ananiletea anaapa kauziwa pamba. Nachomoa uzi pembeni nauwasha kiberiti. Ukiungua ukanuka karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kijidonge kigumu, hiyo poliesta, na kwa joto la kaskazi mwezi wa 2 utaivaa mara moja uichukie. Hizo ndizo zinazojaza makabati, nguo nzuri dukani zisizovalika mchana.

Mwembemakumbi
Wanaume tupo, msitusahau. Kanzu hazinisumbui, ikiingia manjano kolani inakuwa ya kulalia. Tatizo langu ni mitumba ya Darajani. Belo likifunguliwa bei inavutia, unarudi na mashati ambayo hukuyafuata. Siku hizi naingia nikijua natafuta nini, nageuza nguo ndani nje, natazama kwapa na zipu, nainyanyua kwenye mwanga. Kilichotoboka nakirudisha hata kikiwa bure. Kofia ya kushona kwa mkono, hiyo haimo katika mjadala huu.

Bi Mkubwa, Makunduchi
Wanangu, kabati lifanyeni mtakavyo, sanduku la kanga msiliguse. Nina doti mle bado zina wanga wake, hata upindo sijatia. Mnasema zimekaa bure? Mtu akijifungua usiku, zinatoka. Msiba ukiingia, zinatoka, wala hutoanza kuhangaika kutafuta duka. Na iliyochakaa ndiyo laini kwa winda la mtoto, mpya inamkwaruza. Ama hizo sare, ukikataa ya mtoto wa ndugu yako, maneno yake utayasikia mpaka siku ya arubaini yako.

Mwenye mada
Shikamoo Bi Mkubwa. Kanga sizigusi, naapa. Lakini sare nazo pesa, na wengine wanakopa ili waonekane kwenye picha. Harusi moja ya kwetu waliweka kanga iwe sare ya hina, doti moja basi, na mpaka leo nawaona watu wamejifunga jikoni. Sijasikia aliyenung'unika.

Bi Mkubwa, Makunduchi
Marahaba. Kanga sawa. Ila nani atawaambia mabibi harusi wa siku hizi?

Fuoni
Mie nimo katika kamati ya harusi ya wifi yangu, mfunguo mosi. Nitalitia hilo kikaoni, niombeeni dua. Fundi, nyakati za Idi unapokea kazi mpaka lini?

Kikwajuni, fundi cherehani
Kumi la kwanza la mfungo. Baada ya hapo hata mama yangu mzazi namrudisha.