Kozi ya udereva wa kujihami kwa njia za Mbeya–Iringa: nichague kwa vigezo gani?

Mdau_Uyole

Wakuu habari za leo. Wa Iringa, kamwene.

Nina leseni daraja D, naendesha Toyota IST ya otomatiki. Njia zangu ni Mbeya–Makambako–Iringa mara mbili kwa mwezi, na Tukuyu karibu kila wiki. Kuondoa gari najua. Ninachotaka ni kozi fupi itakayoniongezea usalama: miteremko, ukungu, kuovateki malori.

Nimepata matangazo matatu. La kwanza ni siku moja uwanjani, koni na kuteleza kwenye maji, jioni cheti. La pili ni siku tatu, nusu yake darasani, gari moja kwa watu wanne. La tatu mwalimu anakaa kwenye gari lako mwenyewe, saa mbili mbili mara tano, cheti hakuna. Bei hazipishani sana. Nichague ipi, na nimuulize nini mwalimu kabla ya kulipa?

Gia_ya_Pili

Mkuu, ya tatu, ila usilipe kabla hujamhoji.

Anza na hesabu ya usukani. Ile ya siku tatu, ukitoa darasa, inabaki siku moja na nusu. Tuseme saa 9 barabarani. Gawa kwa watu wanne: unaendesha saa 2 na robo, basi. Ya tatu ni saa 10 zote zako, tena kwenye kiti, vioo, breki na gia utakazorudi nazo nyumbani. Kuna watu wanafundishwa kwenye gari la chuo la manyuo, wakirudi kwenye otomatiki hawajui hata kile kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kina kazi gani.

Mfumo huu si wa kubuni. Uingereza kuna Institute of Advanced Motorists, siku hizi inajiita IAM RoadSmart, ipo tangu 1956. Dereva anaendesha gari lake barabarani, mwangalizi kakaa pembeni siku kadhaa, mwisho anapimwa na mtahini mwenye mafunzo ya udereva wa polisi. Hakuna mbwembwe za koni. Kinachopimwa ni unaona nini, unaona mapema kiasi gani, na unafanya nini kabla jambo halijawa dharura.

Mwalimu anayejua kazi siku ya kwanza atakuacha uendeshe dakika 30 au 40 bila kukusemesha, anaandika tu. Halafu atakupa zoezi la kusema kwa sauti unachokiona. Mfano pale Uyole: "Basi limesimama kushoto, naona miguu chini ya basi, kuna mtu atatokea mbele yake, naachia mafuta, mguu juu ya breki, kioo cha nyuma kuna Noah imenikaribia." Mara ya kwanza utajikuta unataja vitu vilivyo mita 20 mbele ya boneti, au unanyamaza kabisa. Hapo mwalimu ameshajua ugonjwa wako: macho yako mafupi. Ukifika mahali unataja lori linalochomoza kule juu ya kilima kabla hujafika kwenye tuta la karibu, umeanza kuiva.

Maswali ya kumuuliza: Utanipeleka kwenye mteremko mrefu wa kweli au tutazunguka mjini? Kuna kipindi cha usiku au cha mvua? Nitapata ripoti ya maandishi ya makosa yangu baada ya kila kipindi? Una leseni hai ya daraja la gari unalofundishia? Anayekataa kutoa ripoti mwache.

VETA wana vyuo Mbeya na Iringa, na NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) iko Mabibo, Dar, inajulikana zaidi kwa kozi za madereva wa mabasi na magari makubwa. Waulize, ila hakikisha kozi iliyofunguliwa si ya wanaoanza. Na kama siku moja utataka kubeba abiria kibiashara, hiyo ni njia nyingine kabisa: daraja C na uthibitisho wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kozi ya kujihami haibadilishi daraja la leseni.

Fundi_Breki_Mafinga

Niongezee kwenye miteremko, maana kozi nyingi wanapita hapo kwa sentensi moja, "tumia gia ndogo", wakaendelea.

Chukua gari la kilo 1,500 na mzigo wake. Likishuka mita 500 za wima, ile nguvu ya kushuka lazima iishie mahali. Ukiiachia breki peke yake, ni joto la kutosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji baridi. Joto hilo linaingia kwenye diski nne, au diski mbili na ngoma mbili. Pedi zikipita kiwango chake zinateleza: unakanyaga, pedali ngumu, gari haishiki. Hiyo ni hatari ya kwanza.

Ya pili ni mafuta ya breki. Yana madaraja yanayoitwa DOT: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 mpya 230. Lakini yanafyonza unyevu. Yakishazeeka na kunywa maji, kiwango hushuka hadi karibu 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi chini. Hapo watu wanasema "breki zimefeli ghafla". Si ghafla, ni mafuta ya miaka sita.

Sasa Kitonga ukitoka Iringa kwenda Morogoro, au Iwambi kushuka Mbalizi. Gia unachagua KABLA ya kuanza kushuka. Kwa IST zima O/D, ukiona mwendo bado unapanda weka 2, mteremko ukiwa mkali na mwendo mdogo L. Gia sahihi ni ile inayolizuia gari karibu na mwendo unaoutaka bila mguu kwenye breki. Halafu breki ni kwa vipindi: umepanga 40, ikifika 40 kanyaga kwa uthabiti ishuke hadi 32 hivi, achia kabisa, subiri ipande tena. Usiburuze breki kidogo kidogo mteremko mzima, diski hazipati nafasi ya kupoa.

Nyutro kwenye mteremko ni ujinga wa bei ghali. Wanaofanya hivyo wanasema wanaokoa mafuta. Injini za sindano za umeme zikiwa kwenye gia na mguu umeachia pedali, hukata mafuta kabisa, wakati kwenye nyutro injini inakunywa mafuta ya sailensa, yaani ya kunguruma tu bila kukanyaga. Kwa hiyo umepoteza injini breki, ile nguvu ya injini kulizuia gari, na mafuta umechoma.

Ukisikia harufu kama ya kamba inayoungua, au pedali imeanza kulainika, usisubiri uhakika. Shusha gia, tafuta pa kusimama palipo tambarare, weka jiwe au kabari, acha zipoe zenyewe. Usimwagie maji, diski itapinda au kupasuka.

Dada_wa_Ilula

Kuhusu ile ya koni na kuteleza: Norwei waliwahi kulazimisha madereva mafunzo ya barabara ya utelezi. Walipofuatilia, wanaume vijana waliopita kwenye mafunzo walipata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi. Walitoka wakijiona wanaweza, wakaongeza mwendo.

Kitu kimoja tu uwanjani kina faida: kukanyaga breki ya dharura yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge). Wengi pedali ikianza kutetemeka wanaachia, wanadhani imeharibika. Kanyaga mpaka mwisho, shikilia, geuza usukani kukwepa. Rudia mara kumi kwenye eneo wazi ukianzia mwendo wa 40. Nusu saa inatosha, haihitaji cheti. Kwanza hakikisha taa ya ABS kwenye dashibodi inawaka ukifungua swichi na inazimika injini ikiwaka. Kama haiwaki kabisa, inawezekana mtu alichomoa balbu.

Mdau_Uyole

Nashukuru sana wakuu. Vipi kuhusu malori na ukungu wa njia ya Tukuyu? Mwalimu anatakiwa anifundishe nini hasa?

Gia_ya_Pili

Malori: akufundishe kupiga hesabu, ujasiri hauhitajiki. Semi inakwenda 60, wewe 80. Tofauti ni 20, sawa na mita 5.6 kwa sekunde. Urefu wa semi mita 18, weka mita 20 nyuma yake, 20 mbele yake, na urefu wa gari lako: jumla kama mita 62. Ni sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo umekula mita 245, na anayekuja kwa 80 naye kala 245. Kwa hiyo unahitaji karibu nusu kilomita tupu unayoiona yote. Kati ya Makambako na Mafinga zipo sehemu za namna hiyo. Milimani ni chache mno.

Kosa kubwa ni kujibana nyuma ya trela. Ukiwa mita 5 nyuma yake unaona milango tu. Rudi nyuma sekunde tatu: lori likipita alama fulani, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu" ndipo ufike wewe. Ukiwa huko nyuma unaona pande zote mbili. Na indiketa ya kulia ya lori usiichukulie kuwa ruhusa. Wengine wanakuonya usipite, wengine wanakata kona kweli.

Ukungu: dimu, kamwe si fulu, kwa sababu mwanga unagonga ukungu unakurudia machoni. Hazadi usiwashe ukiwa unatembea, maana hakuna atakayejua unakata upande gani. Mwendo unapangwa na unachokiona. Kwa lami iliyolowa na tairi nzima, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka, kwenye 40 unasimama kwa mita 27 hivi. Kwenye 80 ni mita 85. Ukiona mita 30 tu mbele, hiyo 40 ndiyo kikomo chako, na aliye nyuma apige honi anavyotaka.

Mdau_Uyole

Nimeelewa. Mafuta ya breki ya IST yangu sijui yalibadilishwa lini. Naanza na hilo kabla ya kozi.

Fundi_Breki_Mafinga

Sahihi. Nunua kopo lililofungwa, lile la nusu lililobaki gereji lilishaanza kufyonza unyevu. Angalia maandishi kwenye mfuniko wa chupa ya breki ujue ni DOT ngapi. Simama hapo fundi akitoa upepo wa breki kwenye magurudumu yote manne, siyo kunyonya ya kwenye chupa na kujaza mapya juu yake, maana yaliyopikwa yako kwenye kalipa. Akimaliza, washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu na uhesabu hadi 30. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo umebaki. Ikiendelea kuzama taratibu, kuna panapovuja au silinda kuu imechoka. Usiondoke hapo gereji.