Ukalimani wa hadhara: tuanzie kanisani, Nairobi au nyumbani?

Binti wa Sakina: Wanajukwaa, habari za leo. Ninazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kimaasai cha nyumbani, nami nataka kujifunza misingi ya ukalimani ili niweze kusimama katika mikutano ya vijiji na, Mungu akijalia, siku moja katika kumbi za AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha. Ninazo njia tatu: kujitolea kuwatafsiria wahubiri wageni kanisani kwetu, kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi chenye shahada ya uzamili ya ukalimani, au kujifundisha nyumbani kwa taarifa za redio. Ipi inamfaa anayeanza?

Mzee wa Njiro: Binti yangu, Nairobi iache kwanza. Uzamili unamtaka mwenye shahada na lugha zilizokwisha kukomaa. Anza na ukalimani fuatizi, ambao msemaji husema, hunyamaza, nawe ndipo unaposema. Mwombe mtu akusomee hotuba ya dakika mbili, uirudie bila kalamu. Ukiweza, ongeza muda na uanze kuandika, lakini andika mawazo na viungo vyake (kwa sababu, ijapokuwa, kwa hiyo), si maneno yote. Majina, tarehe na tarakimu ziandikwe mara zinapotamkwa, kwani hizo hazina mantiki ya kukusaidia kuzikumbuka. Ukalimani wa kibandani, wa kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, usiukimbilie. Hata wazoefu hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini kwa sababu akili huchoka. Katika ile Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha hadi 2015, ushahidi wa Kinyarwanda ulipitia Kifaransa ndipo ukafika Kiingereza, kwa hiyo kosa la mkalimani wa kwanza lilirithiwa na wa pili.

Mama Pasua, Moshi: Shikamoo Mzee. Mimi naitetea kanisa, ila kwa kiasi. Madhabahu humfundisha mtu kupaza sauti, kutazama watu na kutokutetemeka, mambo ambayo redio haitampa. Hata hivyo mhubiri hukata sentensi fupi fupi, hivyo kumbukumbu hainyooshwi, na waumini wakifurahi hakuna anayeuliza kama kilichosemwa ndicho kilichotafsiriwa. Nimewaona wakalimani wanaohubiri kumzidi mhubiri mwenyewe! Mtu wa namna hiyo akipelekwa kwa daktari atageuza “dawa hii huenda ikasaidia” kuwa “dawa hii itakuponya”, na mgonjwa atakuwa amekubali jambo ambalo hakuambiwa. Binti azoee pia kusema “mimi” pale msemaji anaposema “mimi”, badala ya “anasema kwamba”, na asipoelewa aombe waziwazi kurudiwa.

Kijana wa Usa River: Redio msiidharau. Kurudia maneno ya mtangazaji kwa sauti, katika lugha ileile, ukiwa nyuma yake kwa maneno machache, huzoesha sikio na ulimi kufanya kazi pamoja.

Mama Pasua, Moshi: Kweli, lakini kasuku naye hurudia. Baada ya kila taarifa azime redio aeleze kiini chake kwa lugha nyingine, na awepo wa kumsahihisha.

Mzee wa Njiro: Marahaba, Mama. Niongeze kuhusu Kimaasai cha nyumbani, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, lakini shahidi asiyekijua bado anahitaji mkalimani, na mambo ya mipaka ya ardhi, mirathi au chanjo hayazungumzwi kila siku jikoni. Binti aketi na wazee wanaozungumza Kimaasai kizito, aulize wanayaitaje, atunge faharasa yake kabla ya kila mkutano.

Binti wa Sakina: Nashukuru sana. Basi nitashika ukalimani fuatizi, na kanisani nitapanda tu kwa ajili ya kuzoea watu, huku rafiki yangu akinirekodi kwa simu. Mzee, je, naweza kukuletea rekodi hizo uzisikilize?

Mzee wa Njiro: Zilete, pamoja na rekodi ya mhubiri mwenyewe, maana bila hiyo nitajuaje ulichoacha?